Mtoto wa selimundu apimwe mishipa ya kichwa kabla hajapooza

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya watoto wetu wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli. Barua yangu ni ndefu, na naomba radhi mapema, lakini jambo lenyewe haliwezi kuelezwa kwa maneno machache.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Kanda ya Ziwa. Si daktari. Nilisoma chuo cha ualimu nikapata cheti, na huu ni mwaka wa kumi na moja nashika chaki. Haya nitakayoyasema juu ya dawa na vipimo nimeyapata kwa kuwauliza waganga wa hospitali na kwa kusoma. Yale ya darasani nimeyaona kwa macho yangu, na moja kati ya hayo nimelitenda kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwaka 2023 nilikuwa mwalimu wa Darasa la Nne. Alikuwamo mvulana mmoja mwembamba, mwenye macho ya manjano kidogo, ambaye tangu Darasa la Kwanza alisifiwa kwa hesabu. Kila mtu alijua kuwa ana sikoseli. Alikuwa akikosa shule wiki nzima kwa maumivu ya mifupa, kisha akirudi anawakuta wenzake kwenye mafungu ya kumi na kuwapita. Lakini mwaka ule alibadilika. Alianza hesabu vizuri na kuiacha katikati. Nikimwita jina mara ya kwanza haitiki, mara ya pili ananitazama kama mtu aliyeamshwa. Maandishi yake yakaanza kuparama nje ya mstari, na kalamu ikawa inamponyoka mara kwa mara. Katika fomu ya maendeleo nikamwandikia kwamba ni mzembe na hasikilizi. Siku moja, baada ya kuona ameacha hesabu tano kati ya kumi, nilimchapa fimbo mbili za mkononi. Mkono ule aliounyoosha, wa kulia, ndio ambao leo hauwezi kushika kalamu.

Asubuhi moja mwezi uliofuata, tukiwa mstarini, aliteleza taratibu na kuanguka kama kanzu iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Tulipomwinua mdomo ulikuwa umekwenda upande mmoja. Alitaka kusema neno, likawa halitoki. Mwenzangu mmoja akasema ni kifafa. Bibi yake alipofika akasema mtoto amepigwa na upepo mbaya, akapelekwa kwa fundi wa dawa za miti shamba na kukaa huko siku nne. Simlaumu bibi. Alifanya analolijua, na sisi walimu, tuliosoma, hatukuwa na neno lolote la kumzuia.

Hospitalini tuliambiwa kwamba ni kiharusi. Nilishangaa sana, kwani mimi nilidhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee wenye presha. Mganga aliyetupokea alinionyesha picha ya kichwa cha mtoto, akanieleza kwamba pamoja na jeraha jipya kulikuwa na makovu madogo ya zamani. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, mwaka huu uliopita hukuona lolote darasani?" Nilinyamaza. Nilikuwa nimeliona, tena nimeliandika katika fomu ya maendeleo na kutia sahihi.

Ndugu Mhariri, ndipo nilipoanza kutafuta kujua, na niliyoyapata yanafaa yajulikane na kila mwalimu na kila mzazi wa nchi hii.

Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za mviringo na laini, hupita kwenye mishipa myembamba bila shida. Za mtoto mwenye selimundu hujikunja kama mundu, zikawa ngumu, zikanasa na kuvunjika upesi. Kwa hiyo damu yake ni pungufu wakati wote. Ubongo wa mtoto anayekua unadai hewa nyingi, na kwa kuwa damu ni pungufu, mwili huisukuma kwa kasi kubwa zaidi kwenda kichwani. Wakati huo huo mishipa mikubwa ya kichwa huumia ndani na kuanza kubana. Kila aliyewahi kuziba nusu ya mdomo wa bomba kwa kidole gumba anajua kinachotokea: maji hutoka kwa nguvu. Ndivyo na damu. Siku mshipa ukiziba kabisa, sehemu ya ubongo inakufa.

Huko Marekani, kabla vipimo havijaenea, uchunguzi uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto wapatao 11 kati ya kila 100 wenye aina kali ya ugonjwa huu walipata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Hao ni wale wa kiharusi kinachoonekana. Kipo kingine, cha kimya, ambacho hakimwangushi mtoto wala hakimpindi mdomo. Kinakula ubongo kidogo kidogo, na dalili zake ni kusahau, kuzubaa na kushuka darasani. Hicho huwapata kiasi cha theluthi moja ya watoto wenye aina kali kabla hawajawa watu wazima. Sasa nawauliza walimu wenzangu: ni wangapi tumewaita wazembe?

Habari njema ni kwamba kasi ile ya damu inapimika. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti, ndugu wa kile wanachopimwa akina mama wajawazito, ambacho huwekwa kando ya kichwa, mbele kidogo ya sikio. Hakina sindano, hakina maumivu, na kinamalizika kwa muda wa kipindi kimoja cha darasa. Kama damu inakwenda chini ya sentimita 170 kwa sekunde, mtoto yu salama kwa wakati huo na atapimwa tena baadaye. Ikifika 200 au zaidi, huyo yuko hatarini. Sentimita 200 ni mita mbili kwa sekunde, yaani mwendo wa mtoto anayekimbia kuwahi namba asubuhi, lakini hapa anayekimbia ni damu ndani ya mshipa mwembamba wa kichwa.

Waganga wa Marekani walichukua watoto 130 waliokuwa na kasi hiyo ya hatari. Watoto 63 walitiwa damu kila mwezi, na 67 wakaendelea na huduma ya kawaida. Katika wale 67, watoto 11 walipata kiharusi. Katika wale 63, ni mmoja tu. Jaribio lilikatishwa kabla ya wakati wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine damu. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1998, na mimi mwaka huo nilikuwa bado mtoto.

Hata hivyo kutia damu kila mwezi kuna matatizo yake. Madini ya chuma hujaa mwilini na kuharibu ini na moyo. Isitoshe, ukiacha, hatari inarudi. Jaribio jingine lililotolewa mwaka 2005 liliwaachisha damu watoto 41 ambao kasi yao ilikuwa imeshuka. Watoto 14 kasi ikapanda tena na wawili wakapata kiharusi. Maana yake ni kwamba mtoto atiwe damu mwaka baada ya mwaka, na sote tunajua hali ya benki za damu zetu wakati wa msimu wa malaria, au shule zinapofungwa na wanafunzi wa sekondari wanaochangia damu wakawa makwao.

Hapo ndipo linapokuja suala la kupandikiza uloto. Uloto ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, ambayo wengine huita supu ya mifupa, na humo zimo chembe mama zinazozaa damu yote ya mwili. Mgonjwa hupewa dawa kali za kuondoa uloto wake wenye kasoro, kisha hutiliwa chembe mama za ndugu yake kwa mpira, kama anavyotiwa damu. Zikikubali, zinajijengea makao ndani ya mifupa na kuanza kuzaa damu isiyojikunja. Mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuponywa kwa njia hii alikuwa msichana wa Marekani ambaye hasa alikuwa akitibiwa saratani ya damu. Habari zake zilitolewa mwaka 1984. Saratani ndiyo iliyokusudiwa, selimundu ikaondoka nayo.

Kuhusu ubongo, Wafaransa walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2019. Walikuwa watoto 67, wote wakiwa na historia ya kasi ya hatari na wote wakitiwa damu. Waliobahatika kuwa na ndugu anayefanana nao, watoto 32, walipandikizwa. Wengine 35 waliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja kasi ya damu ya waliopandikizwa ilikuwa wastani wa sentimita 129.6 kwa sekunde, na ya wale wengine 170.4. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa maana ya kwanza ni kasi ya mtu aliyetulia na ya pili imekaa mlangoni mwa hatari.

Sitaki kumdanganya mzazi yeyote. Kupandikiza ni kazi nzito. Mtoto hukaa chumba cha peke yake kwa majuma, hana kinga, hata mafua yanaweza kumwua. Uloto mgeni unaweza kuushambulia mwili uliopokea. Dawa zile kali zinaweza kumfanya asizae baadaye. Mwaka 2017 zilikusanywa habari za wagonjwa 1,000 wa nchi mbalimbali waliopandikizwa uloto wa ndugu zao; baada ya miaka mitano zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa hai na ugonjwa haujarudi. Lakini waliokufa walikuwapo, na waliopandikizwa wakiwa watoto walifaulu kuliko waliopandikizwa wakiwa wakubwa. Na jambo ambalo mimi nililielewa kwa uchungu ni hili: uloto mpya hauamshi ubongo uliokwisha kufa. Unazuia kiharusi kijacho. Mkono wa mwanafunzi wangu hautarudi kwa kupandikizwa.

Sasa nifike kwenye hoja yangu. Nchi yetu imepiga hatua kubwa. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, jambo ambalo hapo nyuma lilimlazimu mzazi kwenda India. Nilisikia habari hiyo redioni nikapiga makofi peke yangu. Lakini baadaye nikajiuliza: mtoto wa kijijini kwangu atafikaje huko, na atafika akiwa na ubongo kiasi gani?

Kwa utaratibu ulivyo huku kwetu, mtoto anapelekwa mbele baada ya kuanguka. Anapooza kwanza, ndipo anaandikiwa rufaa, ndipo familia inaambiwa kuna kupandikiza. Tunajenga nyumba kwa kuanzia paa. Lile jaribio la Wafaransa liliwapata watoto wake kwa kipimo cha kasi, wengi wao kabla hawajapata kiharusi. Kipimo ndicho kilichowafungulia mlango. Kama kipimo hakipo, kupandikiza kutawafikia watoto waliokwisha umia, na wale ambao wangefaidika zaidi watabaki wamekaa kwenye madawati yetu wakiandikiwa uzembe.

Watu watasema vyombo ni ghali. Mashine ya kupandikiza na maabara zake, naam, ni ghali sana. Lakini kipimo hiki cha mishipa si cha kutisha. Kule Bugando, Mwanza, ulifanyika mpango ulioanza mwaka 2019 ambao uliwachukua zaidi ya watoto 200 wenye selimundu, wakapimwa kasi ya damu ya kichwani, na waliokuwa katika hatari wakapewa dawa ya vidonge iitwayo haidroksiyurea, na kasi ikashuka. Kwa hiyo si jambo la Ulaya tu. Limefanyika hapa hapa kandokando ya ziwa letu. Nigeria nao, katika jaribio lililotolewa mwaka 2022 lenye watoto 220 wenye kasi ya hatari, vidonge hivyo hivyo viliwapunguzia kiharusi hadi kiasi cha mtoto mmoja au wawili kwa kila 100 kwa mwaka, ambapo bila tiba wangekuwa kama kumi. Mtoto ambaye hawezi kupandikizwa leo anaweza kulindwa kwa vidonge huku akisubiri. Lakini hata vidonge havitolewi kwa usahihi kama hujui nani yuko hatarini.

Naomba nitoe hesabu kidogo, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Baba na mama wakiwa wote wamebeba nusu ya kasoro bila wao kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kadhalika, kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana uloto na mgonjwa. Mambo hayo mawili hayategemeani. Basi ndugu anayefanana na ambaye si mgonjwa ni robo moja mara robo tatu, yaani 3 kati ya 16. Kwa mtoto mwenye ndugu mmoja tu hiyo ni nafasi ndogo. Lakini mwenye ndugu wanne, ukikokotoa, nafasi ya kumpata angalau mmoja inapita nusu, ni kama 56 katika 100. Ulaya wanazaa mtoto mmoja au wawili na wanahangaika kutafuta wa kufanana nao. Sisi vijijini tunachekwa kwa kuzaa wengi, kumbe katika jambo hili utajiri tunao nyumbani na hatujauhesabu. Ila hesabu hii ni ya ndugu wa tumbo moja na baba mmoja. Wale wa mama wadogo nafasi yao ni finyu mno, na katika boma zetu hilo si jambo dogo.

Mwanafunzi wangu ana ndugu sita. Wawili ni wa mama mwingine. Mmoja wa tumbo moja alifariki akiwa na miaka mitatu, na sasa sote tunadhani tunajua alikufa kwa nini, ingawa wakati ule ilisemwa ni malaria. Wamebaki watatu. Nilikwenda nyumbani kuwaeleza wazazi kwamba watoto hao wachukuliwe damu wapimwe kama wanafanana na mgonjwa. Mama alikubali upesi. Baba alikaa kimya muda mrefu, akisugua mpini wa jembe, kisha akasema, "Mwalimu, mmoja nimezika. Huyu amepooza. Unataka nikupe na mzima?"

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimweleza kwamba anayetoa uloto hulazwa usingizi, hutolewa kwa sindano kwenye mfupa wa nyonga, huumwa kiuno kwa siku kadhaa, na mwili wake hurudisha kiasi kilichotolewa ndani ya majuma machache, hakatwi kiungo chochote. Nikamweleza pia kwamba mtoto aliyepata kiharusi mara moja, bila ya tiba, ana hatari kubwa ya kukipata tena, na zaidi ya nusu ya watoto wa namna hiyo hukipata. Baba alisema atafikiri. Baada ya siku kumi alikuja mwenyewe shuleni, amevaa shati lake la kanisani, akaniambia wamekubali. Damu za watoto watatu zimechukuliwa. Majibu bado.

Yule binti mdogo yuko Darasa la Pili. Ameniuliza kama sindano ya mfupa inauma kuliko ya mkononi. Nikamwambia atakuwa amelala. Akaniuliza tena, "Na nikiamka, kaka ataandika?" Sikumdanganya. Nikamwambia kaka yake anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na kwamba ndiyo sababu tunataka mkono huo ubaki.

Ndugu Mhariri, kwa kupitia gazeti lako nawaomba wahusika mambo machache, na nayasema nikijua kwamba Serikali ina mizigo mingi.

Kwanza, kipimo cha kasi ya damu ya kichwani kiwekwe katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, na mhudumu mmoja au wawili wafundishwe kukitumia. Wakati wa likizo za shule itengwe siku ya watoto wa selimundu, waanzie wale wa miaka miwili, kwani kiharusi hakisubiri mtoto aanze shule. Tunazo kampeni za chanjo zinazofika hadi visiwani kwa mitumbwi. Haiwezekani tushindwe kumfikisha mtoto mkoani mara moja kwa mwaka.

Pili, vyuo vya ualimu. Nilifundishwa saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia, na namna ya kutengeneza zana kwa maboksi na vizibo vya soda. Sikufundishwa kwamba mtoto mwenye macho ya manjano akianza kuacha hesabu katikati anaweza kuwa anapoteza ubongo. Ingetosha saa mbili tu za somo hilo. Na mwalimu aruhusiwe, bali aagizwe, kuandika barua kwa mganga wa kituo cha afya akiona mabadiliko ya namna hiyo, na barua yake isomwe. Fomu ya maendeleo iwe na mahali pa kuandika hivyo badala ya nafasi ya tabia peke yake.

La tatu linahusu fedha, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Kupandikiza mtoto mmoja hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi hata hapa nchini. Najua Serikali imekuwa ikisaidia, na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Lakini gharama anayoiogopa mkulima si ile tu inayoandikwa hospitalini. Baada ya kupandikizwa mtoto hatakiwi kukaa mbali na hospitali kwa miezi kadhaa. Mama atalala wapi Dodoma? Shamba litalimwa na nani? Nani atawapikia hao wengine? Kama vile zipo nyumba za kina mama kusubiri kujifungua karibu na vituo vya afya, iwepo nyumba ya kusubiri ya watoto hawa. Bila hivyo, hata bima ikilipa yote, watakaopandikizwa watakuwa watoto wa wenye ndugu mjini.

Tena nduguze mtoto wapimwe kufanana mapema, mara tu anapogundulika na kasi ya hatari, si baada ya kiharusi. Majibu yakishajulikana na kuwekwa kwenye jalada, mtoto anakuwa na njia mbili mbele yake, vidonge na kupandikiza, na mganga na wazazi wanachagua kwa utulivu. Sisi tunachagua kwa haraka huku mtoto amelala na mdomo uliopinda.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna tiba mpya ya kurekebisha chembe za mgonjwa mwenyewe bila kuhitaji ndugu, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2023. Ni kweli ipo. Bei yake kwa mgonjwa mmoja ni zaidi ya dola milioni mbili. Wanaotaka tuisubiri hiyo, wao wasubiri.

Neno moja kwa walimu wenzangu kabla sijaweka kalamu chini. Kanda yetu ina wagonjwa wengi wa selimundu kwa sababu ina malaria nyingi tangu zamani. Aliyebeba nusu ya kasoro hii huhimili malaria kuliko wengine, jambo lililothibitishwa na mwanasayansi Allison mwaka 1954 baada ya kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki. Inakadiriwa kwamba nchini kwetu huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huu. Hivyo karibu kila shule ya huku wamo, na kama shuleni kwako huwajui, fungua daftari la mahudhurio utazame nani hukosa wiki nzima na kurudi macho yamegeuka manjano. Mimi siku hizi nafanya hivyo kila mwezi. Nimewapata watano. Mmoja, msichana wa Darasa la Tatu, ameanza kuacha hesabu katikati. Nimemwandikia barua mganga wa kituo cha afya, naye kwa kweli ameipokea vizuri na kumwandikia rufaa. Hospitali aliyopelekwa haina kipimo hicho, akaambiwa aende mbele. Nauli ya kwenda mbele tunaichanga, walimu wanne na kamati ya shule, na mpaka leo jioni tumefikisha nusu.

Naomba wahusika wanijibu kwa kupitia ukurasa huu huu: katika Kanda ya Ziwa, ni hospitali zipi hivi sasa ambako mtoto huyu anaweza kupimwa, na kwa siku zipi?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kanda ya Ziwa.
(Jina na anwani vimehifadhiwa)